Mdomo wa Sellah, Sauti ya Sellah

Hebu mwone akija. Jua la asubuhi halijawa kali, na mwanamke wa makamo ameshuka kando ya barabara kuu karibu na Mabanga, amevuka mtaro, sasa ameshika kinjia kinachopita katikati ya mahindi. Mgongoni amefunga leso, na ndani ya leso kuna kitu bapa. Kila akiruka tuta anapeleka mkono nyuma kukipapasa, vile mama anavyompapasa mtoto aliyelala.

"Mama Joy!" Jirani yake ameegemea jembe, anamwita. "Kumbe ulizaa na hukutuambia?"

"Nimezaa," anajibu bila kupunguza mwendo. "Na huyu hataki uji. Anataka stima."

Ndivyo laptopu ilivyoingia katika boma la Festus na mkewe, Sellah Nabwile. Ilikuwa ya binti yao Joy, ambaye ni muuguzi mbali na nyumbani. Joy alipopata mpya alimwachia mama hii kuukuu, yenye duara la kikombe cha chai juu ya kifuniko na kitufe kimoja kilichong'oka. Wiki hiyo hiyo Sellah aliketi akaifumia kitambaa, cheupe chenye maua ya manjano pembeni, kwa sababu katika nyumba yake hakuna kitu cha maana kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa chake. Televisheni ina chake. Viti vina vyao, mgongoni na mikononi. Laptopu ingekosaje?

Acha nikwambie kwanza huyu mama ni nani, ndipo utaelewa kwa nini baadaye alishupaa.

Miaka mingi Sellah alikuwa mpishi katika shule ya bweni. Alisonga ugali kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na alipotaka wanafunzi wapange foleni hakutafuta kengele. Alisimama mlangoni mwa jikoni akaita mara moja. Waliokuwa uwanjani wakasikia, na waliokuwa wamejificha nyuma ya vyoo wakasikia pia. Sauti yake ni nzito, ina mikwaruzo ya moshi wa kuni, na ina ile tabia ya watu wa Bungoma ya kuiweka r mahali pa l, na l mahali pa r, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Alipostaafu aliingia shambani mzima mzima. Mahindi yake yakawa yanasimama wakati ya wengine yametobolewa na viwavijeshi, na wanawake wakaanza kuja kuuliza. Naye akawaonyesha: amka mapema, geuza jani, tafuta mayai, yaponde kwa kidole, na pale ambapo kiwavi ameshajichimbia kwenye moyo wa mhindi, tia jivu. Hakumficha mtu kitu.

Mradi mmoja wa wakulima ukapata habari zake. Ukaamua apigwe filamu akifundisha, na kutoka Kitale akaitwa mpiga picha anayeitwa Chepngeno.

Chepngeno alilelewa pembeni mwa mtaa wa mabanda wa Kipsongo, na hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha kamera. Alijifunza kwa kubebea wengine taa kwenye harusi, huku akitazama vidole vyao. Siku hizi ana chumba chake cha kazi mjini, na haupiti mwezi bila kuitwa vijijini Endebess kupiga harusi au mazishi. Kazi yake ina shida moja ambayo wenzake wote wataitambua: watu wakishakula, ndipo mtu anakumbuka kuuliza kama mpiga picha amepata kitu. Siku ile ya kwanza kwa Sellah mambo yalikuwa kinyume. Kabla mgeni yeyote hajanawa, Sellah alimtokea na sahani iliyofunikwa, akamwambia, "Wewe keti. Hiyo kamera haitakufa ikikungoja." Wakawa marafiki tangu hapo, ingawa mmoja angeweza kumzaa mwenzake.

Walipiga filamu tano. Sellah akigeuza majani, Sellah akichagua mbegu, Sellah akianika, Sellah akihifadhi, Sellah akiwakaripia wanaovuna mahindi mabichi na kuyarundika sebuleni. Chepngeno akazipeleka ofisi ya mradi, na wote wakangoja siku ya wakulima.

Siku ikafika. Ukumbi ukajaa. Kitambaa cheupe kikatundikwa ukutani, projekta ikawashwa, na huyo hapo Sellah, mkubwa kama mlango, ameshika jani la mhindi. Akafungua mdomo. Ikatoka sauti ya msichana.

Ilikuwa sauti laini, iliyochongwa vizuri, ya mtu ambaye pengine hajawahi kushika jivu. Mdomo wa Sellah ulikuwa ukienda huku, sauti ikienda kule. Mdomo ukifunga, sauti bado inaendelea. Wanawake wenzake waligeuka kumtazama pale alipokaa, kisha wakatazama ukutani tena, na mzaha ukaanza nyuma.

"Ati Mama Joy siku hizi ananena kwa lugha!"

Watu walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Sellah hakulia, hakuondoka. Alikaa hapo na mkoba wake mapajani hadi filamu zote tano zikaisha. Lakini Festus anasema usiku huo hakumsikia hata akikoroma, na kwa Festus hiyo ilikuwa habari mbaya kuliko kilio.

Afisa wa mradi aliyefanya uamuzi huo anaitwa Wabwile, kijana wa hapo hapo, mwenye shati lililopigwa pasi na maneno ya upole. Alimweleza kwamba sauti ilibadilishwa ili ieleweke na kila mtu. "Ni kwa faida yako, Mama," alisema. "Sura ni yako, si unaona?"

"Sura hata ng'ombe anayo," Sellah alimjibu.

Mwaka ukazunguka, siku ya wakulima ikakaribia tena. Itakuwa Alhamisi, na safari hii wageni ni wengi zaidi, wengine kutoka kaunti jirani. Sellah alipopata mwaliko alimpigia Chepngeno kabla hata hajaukunja.

"Chepngeno, msichana wangu. Zile filamu, kabla hawajaniwekea mtu mwingine mdomoni. Bado unazo?"

"Zile mbichi? Ninazo, Mama Joy. Mimi sifuti kazi ya mtu."

"Nitumie zote. Siku hiyo nitaenda na mashine yangu mwenyewe, na sauti yangu ndani yake. Wakitaka nifundishe, nafundisha mimi. Hawataki, waweke huyo msichana wao ang'ang'ane na viwavi."

Basi Chepngeno akazitia kwenye flashi, akaifunga vizuri na kuikabidhi gari la vifurushi. Ikafika Bungoma salama. Ila karani aliposoma "Sellah Nabwile, Mabanga" alisema, ah, si huyu ni mama wa mradi, akaipeleka ofisi ya mradi. Sellah alipokwenda kuiulizia, Wabwile alimwambia kwa upole ule ule kwamba ameihifadhi, asiwe na wasiwasi. Hakuwa na haraka ya kuitoa pale ilipohifadhiwa.

"Panda gari uje Kitale na laptopu yako," Chepngeno akamshauri. "Nitakuwekea, urudi jioni."

"Siendi."

"Kwa nini, Mama?"

"Nikija huko, utaniwekea wewe. Mwaka ujao nitakuja tena uniwekee. Nataka nijue kupokea mwenyewe, hapa kwangu, kutoka kwako hadi kwangu, na mtu asipite katikati. Siku nikijua hivyo, watanishika wapi tena?"

Chepngeno akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akamwambia ipo njia. Kuna ukurasa kwenye intaneti ambapo mashine mbili zinashikana mkono: huku anaweka faili, anapewa namba, kule Sellah anaandika namba ile ile, na mzigo unaanza kutiririka moja kwa moja. Faili ni nzito, zitachukua muda. Sharti ni kwamba mashine zote mbili ziwe macho mpaka mwisho. Na simu ya Sellah ya kugusa, ambayo ndiyo ingetoa intaneti, isipokelewe mtu akipiga, kwa sababu ikipokelewa mtandao unakatika. Kuongea wataongea kwa ile kabambe ya Festus, simu ndogo ya vitufe.

Jumanne asubuhi wakaanza. Sellah alinawa mikono kwa sabuni, akaondoa chombo cha maua mezani, akaweka laptopu katikati. Festus aliketi kando, ameshika kabambe yake karibu na sikio la mkewe kama daktari anayepima.

"Unauona mshale mdogo, Mama Joy?"

"Nauona. Lakini unakimbia."

"Usiufukuze. Weka kidole pole pole, uvute kama unapangusa vumbi. Haya. Umefika kwa ile picha nimekuambia? Sasa bonyeza mara mbili."

Sellah akabonyeza mara moja. Akangoja. Akabonyeza tena.

"Haijafunguka," akasema.

"Umebonyeza vipi?"

"Nimebisha, nikangoja niitikiwe, nikabisha tena."

Kule Kitale kicheko kilisikika hadi Festus akaiondoa simu kidogo. "Mama, hapa unabisha mara mbili haraka haraka, kama mtu anafukuzwa na mbwa."

"Si huo ni utovu wa adabu?"

"Kompyuta haina adabu, Mama. Ipige."

Akaipiga. Ukurasa ukafunguka. Chepngeno akamsomea namba, Sellah akazitafuta moja moja kwenye vitufe huku akizitaja kwa sauti kubwa, kama mwalimu anayeita majina. Mara kukatokea mstari mwembamba wa buluu, ukaanza kurefuka kidogo kidogo kuelekea kulia.

"Inakuja!" Sellah akapiga makofi. "Baba Joy, tazama, inatambaa yenyewe!"

Ikatambaa hadi karibu nusu, ikakatika. Wakaanza upya. Ikatambaa vizuri zaidi, ikakatika. Mara ya tatu ilikuwa imebaki kidogo kabisa, ikakatika tena. Chepngeno alikagua mtandao wake, akabadilisha waya, akazima mashine na kuiwasha. Alasiri ikafika wakiwa hawana hata filamu moja.

"Si nilikuambia hizi vitu ni za watoto," Festus akasema, kwa huruma kweli, si kwa dharau. "Achana nayo, Mama Joy. Umejaribu."

"Sijajaribu. Naanza tu."

Chepngeno akauliza taratibu kwenye simu, "Mama, hebu niambie. Kabla ikatike, huwa umefanya nini?"

"Hakuna kitu nafanya! Nimekaa na wageni tu. Kwanza alikuja Mama Noah kuomba moto. Halafu mzee wa kanisa akapita. Halafu yule binti wa kuuza sabuni."

"Na wakija, laptopu iko wapi?"

"Si iko hapa mezani."

"Iko wazi?"

Sellah akashangaa kuulizwa. "Chepngeno, wewe ulilelewa wapi? Mgeni anaingia, nimwachie kitu iko wazi mbele ya macho yake? Naifunga, naifunika kitambaa, ndiyo tunasalimiana vizuri."

Halafu kule Kitale kukasikika kama mtu ameanguka kutoka kwenye kiti. Chepngeno alicheka mpaka akakohoa, na alipoweza kusema alimweleza: kuifunga ni kuilaza usingizi, na ikilala inaachia mkono. Kila mgeni alikuwa amekata filamu kwa adabu ya mwenye nyumba.

Sellah alicheka pia, lakini kidogo. Alikuwa ameshaona kilicho mbele. Chepngeno alikuwa na mazishi Endebess, angeondoka Jumatano saa za mchana na asirudi hadi Ijumaa. Kilichobaki kilikuwa asubuhi ya Jumatano, na katika boma hilo hakuna asubuhi isiyo na mgeni.

"Kesho," akamwambia Festus, "hata askofu akija, haifungwi."

Jumatano walianza mapema. Filamu ya kwanza ikaingia yote. Ya pili ikaingia. Mama Noah alikuja kurudisha kibiriti, akakuta laptopu iko wazi, akasimama mlangoni akidhani kuna ugomvi ndani ya nyumba. Sellah akamsalimia akiwa ameketi pale pale, akamwomba radhi, Mama Noah akaondoka akigeuka geuka. Ya tatu ikaingia. Ya nne. Ikabaki moja, ile ya viwavi, ndefu na nzito kupita zote, na ndiyo aliyoitaka kuliko zote.

Mstari wa buluu ulikuwa umevuka nusu simu ya kugusa ilipoanza kulia. Jina: Wabwile. Sellah aliikata kabla haijalia mara ya pili. Muda mfupi baadaye kivuli kikaingia mlangoni.

"Hodi. Mama, nakupigia niko hapo langoni, unakata?"

"Nimekata. Hiyo simu iko kazini. Karibu, Wabwile. Keti."

Wabwile akaketi, akaweka mkoba wake miguuni, akatabasamu, akangoja. Alingoja nini? Sote tunajua. Mamake Wabwile alikuwa akiimba kwaya moja na Sellah. Kijana huyu amekulia katika nyumba za aina hii. Kwao, mwenyeji anayekuachia kazi yake wazi mezani anakuambia umeingia wakati mbaya na utoke haraka. Alingoja kifuniko kishuke. Kitambaa chenye maua ya manjano kilikuwa kimekunjwa hapo kando, na mkono wa Sellah ulikuwa umelala juu yake, haukisogezi.

Festus ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Mama Joy, funga hiyo kitu. Mgeni ako hapa."

"Namwona, Baba Joy."

"Sasa?"

"Sasa ni chai. Mimi sitoki hapa. Utaenda jikoni wewe."

Msomaji wangu, Festus ni fundi wa baiskeli, mtu mzima, mwenye wajukuu. Alisimama akautazama mlango wa jikoni kama mtu anayeagizwa nchi nyingine. "Majani yako wapi?" akauliza.

"Mahali yamekuwa tangu unioe."

Akaenda. Wakasikia sufuria ikianguka. Wabwile akainamia meza. "Hizo ni zile za Chepngeno?"

"Ni zangu. Chepngeno alizipiga tu."

"Mama, si ofisini ziko. Nzuri kabisa, zimesafishwa."

"Zimesafishwa nini? Zilikuwa na matope?"

"Sauti, Mama. Si tuliongea haya? Wageni wanatoka mbali. Mtu akisikia umesema 'kurima' mara ya kwanza anacheka, mara ya pili anaacha kusikiliza. Kesho tutakuweka mbele, utapunga mkono, watu wakuone. Filamu itaongea."

"Wacha wacheke. Wakimaliza kucheka watageuza jani."

Wabwile akapangusa uso. Alipoanza tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilipoenda chuo Nairobi walinicheka mwaka mzima, Mama. Nikisimama kujibu swali, wananiigiza hata kabla sijakaa. Nilikuwa nafanya mazoezi bafuni, nimefungua maji ili wasinisikie. Lala, leo, lima. Mtu mzima, kama mtoto anajifunza kuongea. Sikutaka wakufanyie hivyo. Nilikuwa nakukinga."

Kwa mara ya kwanza tangu aingie, Sellah aliondoa macho kwenye ule mstari akamtazama yeye.

"Pole, mwanangu. Ningekuwepo ningewapiga mwiko." Akarudisha macho kwenye mstari. "Lakini sikiliza. Walikucheka, ukaificha yako. Ni yako, ifiche ukitaka. Mbona ukaficha na yangu?"

Festus akatokea na sinia, na kwa kuwa meza ilikuwa imejaa, Wabwile akanyoosha mkono. "Niisogeze kidogo hii tupate—"

"Usiiguse!"

Ilikuwa ile sauti ya mlangoni mwa jikoni la shule. Kuku aliyekuwa kwenye kizingiti alitoka mbio. Wabwile alirudisha mkono kifuani, na sinia ikashuka juu ya kiti.

"Tuombe," Festus akasema haraka, kama mtu anayemwaga maji kwenye moto. Akaombea chai, akaombea mgeni, akaombea safari ya mgeni ya kurudi, akaombea mvua na siku ya kesho. Sellah alikuwa ameinamisha kichwa, macho yamekodoka, yanafuata mstari wa buluu. Aliyageuza mara moja tu, akakuta Wabwile naye amefumbua jicho moja, anafuata mstari huo huo. Hakuna aliyemshtaki mwenzake.

"Amina," Festus akasema, na kabambe ikalia.

"Imefika!" Chepngeno alikuwa akipiga kelele, nyuma yake pikipiki ikinguruma. "Zote tano, Mama Joy! Watu wa mazishi wananiita, nimechelewa. Umeweza, bana!"

Sellah alipeleka kidole, akabisha mara mbili haraka haraka, kama anayefukuzwa na mbwa, na picha ikafunguka: yeye mwenyewe shambani, jani mkononi. Mdomo ukafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya moshi wa kuni, nzito, yenye r zake na l zake zikikaa zinapotaka. "Wewe mama unarara mpaka jua linakuchoma, unadhani kiwavi naye amerara?" Festus alicheka chai ikamtoka puani. Chai yenyewe haikuwa na sukari, na hakuna aliyeligusia hilo.

Wabwile alitazama hadi mwisho. Alipoongea hakumtazama mtu. "Kamati ya mradi itaniuliza mimi. Waliolipia zile sauti watakuwa wamekaa mstari wa mbele. Mama, tufanye hivi: tuanze na ya ofisi, halafu muda ukibaki, tuweke yako."

"Muda hautabaki. Wewe unajua, na mimi najua."

"Na mimi nikipoteza kazi?"

"Sitaki upoteze kazi. Nataka mdomo wangu." Akaifunga laptopu sasa, taratibu, akaitandikia kitambaa chake. "Ukiweka ile ya msichana, nitasimama pale pale mbele niongee juu yake. Na unanijua, sihitaji spika. Watu watachagua wenyewe wanasikiliza nani."

Alimsindikiza mgeni wake hadi langoni, vile inavyopasa, akampa na ndizi za kupelekea watoto.

Alhamisi ukumbi ulijaa kabla ya saa. Wageni walikuwa wamekaa mbele na chupa zao za maji, wanawake wa Mabanga nyuma yao, na waliokosa viti wamesimama madirishani. Mezani kulikuwa na laptopu mbili, bega kwa bega. Ya ofisi, nyembamba, inang'aa. Ya Sellah, ile ya duara la chai, imefunguliwa, picha ya jani la mhindi imesimama tayari. Sellah mwenyewe alikuwa amesimama kando yake kwa gauni lake la kanisani, mikono imekunjwa kifuani, hapungii mtu.

Projekta ina kebo moja tu. Mwenyekiti wa kamati alitazama saa akasema, "Haya, bwana Wabwile, tuanze." Wabwile akaiokota kebo kutoka sakafuni, akasimama nayo katikati ya zile mashine mbili, na ukumbi mzima ukamtazama mkono.

Nakuuliza wewe uliyenisikiliza mpaka hapa: kama mkono huo ungekuwa wako, ungeichomeka wapi?